Bwana na bibi kupimwa afya pamoja: mwongozo kwa familia za Lubumbashi

Katika vituo vya afya vya Lubumbashi, iwe katika komini za Kenya, Katuba au Ruashi, benchi la kungojea hukaliwa zaidi na akina mama, na baba wa nyumba mara nyingi hufika siku ambayo ugonjwa umekwisha kumwangusha. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenzi wanaotaka kubadili mwenendo huo, yaani kwenda wote wawili, wakiwa bado na nguvu zao, kutafuta magonjwa ambayo hayajaanza kuuma. Shinikizo la damu, ugonjwa wa sukari, virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya aina ya B na mabadiliko ya mwanzo ya kansa ya shingo ya kizazi vinaweza kukaa mwilini kwa miaka bila kumlaza mtu hata siku moja. Kwa mujibu wa takwimu ambazo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2021, watu wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye shinikizo la damu ni takriban bilioni 1.28 duniani, na asilimia 46 kati yao hawajui kwamba wanalo.

Sababu ya kwenda pamoja si mapenzi peke yake. Wenzi hula bukari (ugali) ya sufuria moja na mboga yenye chumvi ileile, huvuta moshi wa makaa uleule, hukosa usingizi kwa matatizo yaleyale, na hulipa matibabu kutoka mfuko mmoja. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 kuhusu wenzi wa umri wa kati na wazee ulionyesha kwamba bwana na bibi wote wawili walikuwa na shinikizo la damu katika takriban asilimia 47 ya ndoa zilizochunguzwa Uingereza, 38 Marekani, 21 China na 20 India. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2015, uliwafuatilia wenzi waliojaribu kubadili tabia zao: kati ya wanawake waliokuwa wakivuta sigara, nusu walifaulu kuacha pale ambapo waume zao waliacha wakati uleule, lakini ni asilimia 8 tu waliofaulu pale ambapo waume waliendelea kuvuta. Kwa maoni yangu matokeo haya ya pili yana uzito kuliko yale ya kwanza, kwa sababu yanaonyesha kwamba faida kubwa ya kwenda pamoja haipatikani maabara bali nyumbani, katika miezi inayofuata. Kipimo huchukua dakika chache. Kinachookoa maisha ni jinsi watu wawili wanavyopokea jibu na wanavyoishi nalo.

Hatua ya kwanza: zungumzeni kabla ya kwenda

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu mambo baadaye. Bibi akirudi kutoka kliniki ya wajawazito na karatasi ya kumwalika bwana, bila mazungumzo yoyote ya awali, bwana anaweza kuiona kama mashtaka. Vilevile bwana anayemwambia bibi ghafula kwamba kesho wataenda kupimwa damu humtia hofu kwamba ana jambo analolificha. Ni afadhali kuanzia kwenye historia ya familia zenu, kwa sababu hapo hakuna anayeshtakiwa: «Baba ya watoto, mzee wako aliondoka kwa sababu ya tansio (shinikizo la damu), na mama yangu anakunywa dawa za sukari. Twende wote wawili tujue tuko wapi.» Chagueni saa ambayo watoto wamelala na wageni wameondoka, na msiyafanye mazungumzo haya mara tu baada ya ugomvi, kwa maana pendekezo zuri likitolewa kwa hasira husikika kama tuhuma.

Katika mazungumzo hayo kubalianeni juu ya mambo matatu kabla mtu yeyote hajatolewa damu. La kwanza ni kwamba kila mmoja atakuwa na nafasi ya kuonana na muuguzi au daktari peke yake, hata kama mmekuja pamoja. Kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu vizuri mwenzake akiwa ameketi kando yake. La pili ni majibu gani mtayapokea pamoja na yapi kila mmoja atayapokea kwanza mwenyewe. La tatu, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, ni kwamba jibu lolote halitapelekwa kwa wakwe, kwa ndugu, kwa mchungaji wala kwa majirani wa uwanja bila ridhaa ya mwenye jibu. Ndoa nyingi zimeumizwa na maneno yaliyotoka nje kuliko zilivyoumizwa na ugonjwa wenyewe. Sheria ya Kongo namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, siri yao ikiwamo, lakini siri ya nyumbani inalindwa na ninyi wenyewe.

Kuna hali ambayo kwenda pamoja si ushauri mwema. Ikiwa mmoja ana sababu ya kuogopa kwamba atapigwa, atafukuzwa au atanyang'anywa watoto kwa sababu ya jibu fulani, basi aende peke yake kwanza na amweleze mshauri hofu hiyo. Mshauri aliyefundishwa vizuri huwauliza wenzi jambo hili mmoja mmoja, na hamlazimishi mtu yeyote kufungua jibu lake mbele ya mwingine.

Hatua ya pili: chagueni vipimo vinavyowahusu

Msiende kuomba «kupimwa kila kitu». Orodha ndefu hugharimu fedha nyingi, na baadhi ya vipimo, vikifanyiwa mtu asiye na dalili yoyote, huleta wasiwasi bila faida. Nawasihi pia mjihadhari na wale wanaozunguka na mashine za kushika mkononi zinazodaiwa kusoma figo, ini, moyo na mifupa kwa dakika moja. Mashine hizo hazina uthibitisho wa kitiba, na kwa kawaida anayezitumia ndiye anayeuza dawa zinazofuata.

Shinikizo la damu lipimwe kwa kila mtu mzima, angalau mara moja kwa mwaka. Kipimo hiki ni rahisi kuliko vyote, na ndicho ambacho wanaume hukikubali bila mabishano, kwa hiyo kinafaa kuwa mlango wa kuingilia vingine. Sukari ya damu ipimwe kuanzia umri wa miaka 40 hivi, au mapema zaidi kwa mwenye kitambi, mwenye mzazi au ndugu anayeugua kisukari, na kwa mama ambaye sukari yake ilipanda wakati wa mimba. Kipimo cha mkojo cha kutafuta protini, ambacho hutumia kikaratasi tu, huonyesha mapema figo zinazoanza kuchoka, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au sukari.

Kundi la pili ni la magonjwa yanayopita kati ya bwana na bibi, na hapa kupimwa peke yako ni kufanya kazi nusu. Kaswende ni mfano ulio wazi: mama mjamzito anaweza kutibiwa kikamilifu kwa sindano ya penisilini, akarudi nyumbani, akaambukizwa tena na bwana ambaye hakupimwa, na mtoto aliye tumboni akapata madhara ambayo yangeweza kuzuiwa. Homa ya ini ya aina ya B nayo hupita kwa damu na kwa tendo la ndoa. Ikiwa mmoja anayo na mwingine hana, yule asiyenayo apewe chanjo, ambayo kwa mtu mzima hutolewa kwa kawaida mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na katika mwezi wa sita. Si ugonjwa wa kuambukizana kwa kula sahani moja, na hakuna sababu ya kumtengea mtu kikombe chake. Visivyopaswa kushirikiwa ni wembe, mswaki na chochote kinachoweza kugusa damu. Mama mwenye virusi hivyo anapokaribia kuzaa awajulishe wakunga mapema, kwa sababu mtoto anahitaji chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe.

Kuhusu virusi vya Ukimwi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2012 mwongozo maalumu unaopendekeza wenzi wapimwe na kushauriwa pamoja. Kipimo cha kwanza kikionyesha alama, hicho peke yake si jibu la mwisho. Damu hupimwa tena kwa vipimo vingine kabla ya kumwambia mtu kwamba ana virusi. Na kipimo kisichoonyesha kitu kinaweza kukosa maambukizi ya wiki za karibuni, ndiyo maana mwenye shaka hurudi baada ya miezi 3.

Kwa wachumba, na kwa wenzi ambao bado wanatarajia watoto, uchunguzi wa seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, unastahili kupewa nafasi kubwa kuliko inayopewa sasa. Kongo ni miongoni mwa nchi tatu ambamo watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu huzaliwa, pamoja na Nigeria na India. Mtu mwenye chembe ya aina ya AS ni mzima, anafanya kazi, anacheza mpira, na hawezi kujijua bila kupimwa. Wakioana watu wawili wa AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa, asilimia 50 wa kuwa AS kama wazazi wake, na asilimia 25 wa kuwa AA, yaani asiye na chembe hiyo kabisa. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kuzaa watoto watatu wazima hakumhakikishii chochote mtoto wa nne. Maabara nyingi hufanya kipimo cha Emmel, ambacho huonyesha kama chembe zenye umbo la mundu zipo lakini hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo ulizeni kuhusu elektroforezi ya hemoglobini, ambayo hutofautisha. Wakati mwema wa kupima ni kabla ya familia kukaa kuzungumzia mali ya bibi (mahari), kwa sababu baada ya hapo shinikizo la wazee huwa kubwa na maamuzi hufanywa kwa haraka. Kugundua kwamba wote wawili ni AS si hukumu ya kuwatenganisha. Ni habari inayowawezesha kuamua kwa macho wazi, na wakizaa, kumpima mtoto mapema ili aanze penisilini ya kinga, chanjo na ulinzi dhidi ya malaria kabla ya shambulio la kwanza.

Katika karatasi hiyohiyo ombeni kundi la damu na alama ya Rhesus. Ikiwa mama ni hasi na baba ni chanya, mama huhitaji sindano ya kinga karibu na wiki ya 28 ya mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye damu chanya. Ni jambo linalopaswa kujulikana kabla ya usiku wa uchungu.

Bibi apimwe shingo ya kizazi kuanzia umri wa miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya Ukimwi. Katika vituo vyetu njia inayowezekana kwa urahisi ni ile ya kupaka asidi ya siki na kutazama kwa macho. Haihitaji maabara, jibu hutoka palepale, na hurudiwa kila baada ya miaka 3. Mahali penye kipimo cha virusi vya HPV, vinavyosababisha kansa hiyo ya shingo ya kizazi, jibu safi humpa mama muda wa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudi, ingawa anayeishi na virusi vya Ukimwi hurudi baada ya miaka 3 hadi 5. Bwana anahusika hapa kwa namna mbili: virusi vya HPV husafiri kupitia mwili wake bila kumwonyesha dalili, na yeye ndiye anayeweza kumwondolea bibi aibu ya kwenda. Matiti yachunguzwe na mikono ya muuguzi au daktari siku hiyohiyo.

Kwa upande wa bwana, kuanzia miaka 45 au 50 azungumze na daktari kuhusu tezi dume, kwa kuwa wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi ya kupata kansa yake. Kipimo cha damu cha PSA kina faida na kina makosa yake, na uamuzi ufanywe baada ya maelezo, si kabla. Macho, kwa presha ya jicho, yapimwe baada ya miaka 40. Meno msiyasahau.

Jambo moja linaihusu Lubumbashi kuliko miji mingine. Familia nyingi hapa zinaishi kwa machimbo, kuanzia kampuni kubwa hadi wachimbaji wa mikono, na vumbi la shaba na kobalti halibaki kazini. Utafiti uliofanywa katika mji wetu na kuchapishwa mwaka 2020, ukilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za viungo na wale waliozaliwa bila kasoro, uliona kwamba kazi ya machimbo ya baba iliambatana na hatari kubwa zaidi ya kasoro hizo. Kazi iliyotajwa ni ya baba, na hili linapaswa kuwafungua macho wale wanaodhani kwamba afya ya mimba ni shughuli ya mama pekee. Bwana anayefanya kazi hiyo amweleze daktari wazi ni kazi gani na kwa miaka mingapi, aombe mapafu yake yachunguzwe, na kikohozi kinachozidi wiki mbili kichunguzwe kwa kifua kikuu, kwa sababu vumbi la mawe likijaza mapafu huongeza sana hatari ya ugonjwa huo. Mkiwa na mpango wa kupata mtoto, semeni hivyo. Nguo za kazi zivuliwe kazini kila inapowezekana, na zisifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto.

Hatua ya tatu: pangeni mahali na fedha

Anzeni na kituo cha afya cha zoni yenu. Kwa shinikizo la damu, sukari, mkojo, kaswende na virusi vya Ukimwi hakuna haja ya kwenda mbali. Vipimo vinavyohitaji maabara kubwa au daktari bingwa vinaweza kuwapeleka Hospitali ya Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ulizeni mapema siku na saa za huduma na bei ya kila kipimo, na mwombe bei hizo ziandikwe. Upimaji wa virusi vya Ukimwi na matibabu yake, pamoja na matibabu ya kifua kikuu, ni huduma za mipango ya kitaifa ambazo mgonjwa hapaswi kulipia dawa zake. Mkidaiwa fedha kwa dawa hizo, ulizeni katika ofisi ya zoni ya afya.

Fedha zikiwa kidogo, msiahirishe vyote kwa kukosa vyote. Fanyeni mwezi huu vile ambavyo ni vya bure au vya gharama ndogo, yaani shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi na kaswende. Mwezi ujao sukari na mkojo. Na mgeuze zamu ya likelemba (mchango wa kupokezana) iwe ya elektroforezi, homa ya ini na shingo ya kizazi. Epukeni Septemba, kwa maana ada za shule hula kila kitu na mtaishia kulaumiana.

Wenzi ambao mmoja hufanya kazi Kolwezi, au huendesha lori kupitia Kasumbalesa na hurudi baada ya majuma, wasingoje siku moja ambayo haitafika. Kila mmoja apimwe alipo, katika wiki ileile, kisha wakutane na karatasi zao mbele ya muuguzi mmoja. Umbali huo ndio unaofanya upimaji wao kuwa wa lazima zaidi.

Hatua ya nne: andaeni mwili na karatasi

Kwa sukari ya kufunga, msile chochote kwa muda wa saa 8 kabla ya kipimo. Maji matupu yanaruhusiwa, lakini chai, munkoyo (kinywaji cha mahindi) na pombe haviruhusiwi. Msivute sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa inayotangulia kipimo cha shinikizo la damu. Aliyetoka zamu ya usiku mgodini alale kwanza na aje siku inayofuata, kwa sababu mwili uliochoka hutoa namba zisizo za kawaida yake. Bibi asiende kupimwa shingo ya kizazi wakati wa hedhi, na asijioshe ndani wala kuweka dawa yoyote huko siku moja au mbili kabla. Kwa siku hizohizo mbili wenzi wajizuie na tendo la ndoa, jambo ambalo pia huzuia kipimo cha PSA kupanda bila sababu.

Chukueni daftari zenu za afya, karatasi za vipimo vya zamani, na majina ya dawa zote mnazotumia. Ninaposema zote ninamaanisha na zile za mizizi na majani kutoka sokoni; daktari hawezi kuwakinga na mchanganyiko ambao hakuambiwa.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Fikeni mapema na mkae kwanza. Kwa shinikizo la damu, kila mmoja apumzike dakika 5 akiwa ameegemea kiti, miguu yote miwili ikiwa chini bila kupishana, mkono ukiwa juu ya meza sawa na usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na asizungumze wakati mashine inafanya kazi. Muuguzi anayewapima mkiwa mmesimama kwenye foleni, juu ya shati zito, anawapa namba isiyofaa, na mna haki ya kuomba kwa adabu apime tena. Pimeni mara mbili kwa kupishanisha dakika moja au mbili. Namba ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudi siku nyingine tofauti, ndiyo inayoitwa shinikizo la damu. Namba moja ya juu, siku moja, bado si ugonjwa, isipokuwa ikiwa juu sana au ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kikali au kupooza. Hapo msitoke hospitalini.

Sukari ya kufunga iliyofika miligramu 126 kwa desilita au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Aliye chini kidogo ya hapo, juu ya 110, yuko katika eneo la onyo, na huyo ndiye anayefaidika zaidi na uchunguzi wa mapema, kwa sababu kupunguza uzito na kutembea kila siku kunaweza kumzuia asifike huko.

Andikeni kila namba pamoja na tarehe. Kusikia «muko muzuri» hakutoshi; ombeni karatasi.

Hatua ya sita: pokeeni majibu

Majibu yakiwa mazuri kwa wote wawili, shukuruni, wekeni tarehe ya kurudi, na msiyatumie kama ruhusa ya kuacha tahadhari.

Likitokea jibu la wote wawili kuwa na tatizo lilelile, kama vile shinikizo la damu, kuna jambo la kujihadhari nalo: kugawana dawa. Hata kama vidonge vinafanana rangi, dozi ya bwana si dozi ya bibi, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hazifai kwa mama mjamzito.

Hali ngumu zaidi ni ile ambayo mmoja ana virusi vya Ukimwi na mwingine hana. Hapa naomba msomaji asome polepole. Jibu hilo peke yake halithibitishi usaliti. Virusi vinaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila dalili, vinaweza kuwa vilikuja kabla ya ndoa, na si kila tendo huambukiza, kwa hiyo wenzi wanaweza kuishi muda mrefu mmoja akiwa navyo na mwingine akiwa hana. Swali la «nani alileta» halina kipimo cha maabara kinacholijibu, na halimponyi mtu yeyote. Swali lenye faida ni lini matibabu yataanza. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenzi kwa asilimia 96, na tafiti zilizofuata hazikuona hata ambukizo moja kutoka kwa mwenzi ambaye dawa zilikuwa zimeshusha virusi vyake hadi visionekane kwenye kipimo. Mpaka kiwango hicho kifikiwe, tumieni kondomu, na mwenzi asiye na virusi aulize kuhusu vidonge vya kinga. Watoto wenu nao wapimwe. Watu wa namna hii wanazeeka pamoja na wanazaa watoto wasio na virusi, na hilo linawezekana zaidi pale ambapo aliye mzima ndiye anayekumbusha saa ya dawa.

Msiondoke kituoni siku hiyo bila jina la mtu mtakayerudi kwake na tarehe ya kurudi. Mkitoka, msitenganike. Nendeni nyumbani pamoja, na msifanye uamuzi wowote kuhusu ndoa, fedha au watoto kwa wiki ile ya kwanza.

Hatua ya saba: maisha baada ya karatasi

Hapa ndipo kwenda pamoja kunapolipa. Aliyeambiwa apunguze chumvi hawezi kupikiwa sufuria yake peke yake kwa miaka ishirini. Nyumba nzima ipunguze. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na humo huhesabiwa pia chumvi ya makayabu (samaki wa chumvi), ya samaki wakavu na ya vidonge vya kuungia mchuzi. Loweka makayabu na kubadili maji mara kadhaa, ongeza lengalenga (mchicha) na sombe (kisamvu) kwenye sahani, punguza mafuta na tonge la bukari, na usiweke chumvi mezani. Baba akila hivyo bila kulalamika mbele ya watoto, kazi ya mama imepungua nusu. Na lutuku (pombe kali ya kienyeji) ikiingia nyumbani kwa ajili ya mmoja, itamwangusha na mwingine.

Tembeeni jioni, hata nusu saa, kabla giza halijaingia. Dawa za kila siku zinywewe saa moja ambayo nyote mnaijua, na kila mmoja ajue mahali zilipo na zitakapokwisha, ili asiachwe mtu bila dawa kwa sababu aliyezoea kwenda kuzichukua amesafiri. Mtu akisikia nafuu asiache. Shinikizo la damu lililoshuka limeshushwa na kidonge.

Mwishowe, katika ukurasa wa nyuma wa daftari la nyumba, andikeni ratiba ya miaka ijayo: shinikizo la damu na uzito kila mwaka kwa wote wawili, na mara nyingi zaidi kwa anayetumia dawa, sukari kila baada ya miaka 3 ikiwa ilikuwa ya kawaida, na kila mwaka ikiwa ilikuwa katika eneo la onyo, virusi vya Ukimwi na kaswende katika kila mimba, bwana akiwamo, shingo ya kizazi kwa tarehe mliyopewa, dozi ya pili na ya tatu ya chanjo ya homa ya ini kwa asiyenayo. Ikiwa mna binti aliyefikisha miaka 9 na hajapita 14, ulizeni kituoni kama chanjo ya HPV inapatikana, na liandikeni jina lake katika ratiba hiyohiyo.